Bibi Kimya

Kama kuna mtu ambaye mtandao wa siri haukutengenezwa kwa ajili yake, ni yule mama ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio. Hakuna aliyemwita hivyo mbele yake, lakini alijua, na kusema kweli jina lenyewe halikumuudhi sana. Alikuwa mkunga katika hospitali kubwa ya mji tangu usichana wake hadi alipostaafu. Nusu ya vijana wa mtaa aliwapokea kwa mikono yake, akaona ana haki ya kujua wameishia wapi. Magonjwa ya watu aliyafungia kifuani, kazi ilimfunza hivyo. Habari njema ndizo zilizomshinda. Ukimwambia asubuhi kwamba umepata kazi, mchana muuza mkaa anakupa hongera.

Basi huyo ndiye aliyekuwa na kivinjari cha kuficha nyayo kwenye simu yake, na ndiye aliyekuwa akijibu maswali ya watu katika tovuti ambayo kwa njia ya kawaida huifikii hata ukeshe. Na yote yalianzia kwenye pampasi.

Jirani yake mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na shida ya mkojo kumponyoka kila anapocheka. Akamnong'oneza. Mama Redio hakupenda kushauri kwa kubahatisha, kwa hiyo akaingia mtandaoni kwenye kompyuta ya nyumbani, ile ambayo Mzee, mumewe, huitumia kusomea habari za mpira. Akasoma, akaelewa, akamshauri jirani, na kati yao mazungumzo yakaisha. Kwa kompyuta hayakuisha. Kesho yake Mzee alipofungua matokeo ya mechi, akakuta pembeni pana picha ya babu mmoja anatabasamu, amevaa pampasi. Mzee akaufunga ukurasa. Alipofungua tena, pampasi zilikuwa zimepunguzwa bei. Ndipo akamwita mkewe na kumwuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, kama kuna yeyote humu ndani aliyelalamika juu yake.

Aliyewaokoa ni mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee. Mtoto mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu tu siku nyingi. Mkwe alikuwa fundi simu. Alikuwa na meza yake katika duka la mtaa wa pili, yenye taa ya shingo ndefu, bisibisi nyembamba kama vijiti vya meno, na kikombe cha skrubu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Hakuwa msemaji. Alikisikiliza kisa cha pampasi mpaka mwisho bila kucheka, akaenda jikoni, na huko wakamsikia anacheka peke yake. Aliporudi akaomba simu ya mama mkwe.

"Mama, nakuwekea kivinjari kingine," akasema. "Kwa hiki, ukifungua ukurasa ombi lako haliendi moja kwa moja, linapita mikono mitatu. Wa kwanza anajua limetoka kwako, ila hajui linaenda wapi. Wa mwisho anajua linaenda wapi, ila hajui la nani. Wa katikati hajui lolote. Anapokea tu na kupitisha."

"Sasa huyo wa katikati anafaidi nini?"

"Hafaidi kitu, Mama."

Mama Redio alimhurumia sana huyo wa katikati.

Mkwe akamweleza pia kwamba kuna tovuti ambazo hazina mlango mwingine ila huu, na kwamba nyingi kati ya hizo asizisogelee, zina wezi na wauza madudu. Lakini ipo moja nzuri. Iliitwa Ukumbi wa Nyuma. Humo wanawake huuliza yale wasiyoweza kuyauliza kwenye simu inayoshikwa na kila mtu nyumbani, au kwenye mtandao wa ofisi ambao bosi anauchungulia. Anwani yake ilikuwa mlolongo wa herufi zilizovurugwa, kana kwamba paka amekanyaga kibodi.

"Wanatafuta wakunga," mkwe akasema. "Ila kuna masharti. Usitaje jina, usitaje mji, usieleze nyumba yako ikoje. Mimi naweza kukuficha kwenye mashine. Kwenye maneno utajificha mwenyewe."

"Mimi tena," akasema Mama Redio, na mkwe akainama haraka kutafuta kitu mezani.

Alipobaki peke yake akajichagulia jina. Akajiita Bibi Kimya.

Tangu hapo alasiri zake zikawa na utamu mpya. Vyombo vikishaoshwa, Mzee akishalala na gazeti usoni, alitoka na kigoda chake hadi baraza ya uani, karibu na kamba ya nguo, akavaa miwani na kungoja ukurasa ufunguke. Ulifunguka kwa mwendo wa kobe, vipande vipande, mistari ya juu kwanza, ya chini baadaye. Hakujali. Maswali yalikuwa mengi na watu walikuwa na hofu, na watu wenye hofu ndio kazi yake. Kila jibu alilianza vilevile: "Kunywa maji kwanza." Hivyo ndivyo alivyokuwa wodini. Mgonjwa aliyeingia anatetemeka hakuruhusiwa kuanza kueleza kabla hajamaliza bilauri nzima, huku mkunga amesimama analitazama koo lake. Hata Mzee, siku alipogonga gari la watu, alimaliza bilauri mbili ndipo akapewa nafasi ya kujitetea.

Jambo lililomshangaza ni kwamba humo habari njema nazo zilimkaa. Mwanamke akiandika kwamba amejifungua salama, Mama Redio alifurahi mpaka akasimama, kisha akakaa tena, maana angemwambia nani? Hakumjua mwenyewe, wala mji, wala mume. Furaha ilibaki humo kifuani mpaka jioni, na akagundua kwamba inakaa vizuri tu.

Ndipo alasiri moja likaja swali la mtu aliyejiita Mpitaji.

"Shikamoo Bibi Kimya. Nina mimba changa na naona matone ya damu. Siumwi tumbo. Ningeenda hospitali ila naogopa kwa sababu ya mama mkwe wangu."

Ukurasa ukaganda hapo. Damu ikamchemka Mama Redio. Mama mkwe gani huyo wa kumzuia mtoto wa watu asitibiwe? Hakungoja ukurasa umalizike, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu: "Kunywa maji kwanza. Pili, huyo mama mkwe wako ni mwanamke asiye na haya, na mwambie nimesema mimi." Alikuwa anatafuta neno kali zaidi ya hilo wakati mistari ya chini ilipojitokeza.

"Si mtu mbaya. Ananipenda kupita kiasi. Alikuwa mkunga, na manesi wa hapa wote ni wanafunzi wake, nikiingia mlangoni tu watampigia simu. Mara ya kwanza nilipopata mimba alitangaza mtaa mzima kabla sijamwambia mama aliyenizaa. Akapaka chumba cha uani rangi ya njano. Mimba ilipoharibika watu walikuja makundi kwa makundi kutoa pole, na mimi niliyekuwa naumwa ndiye niliyewapikia chai. Hakukusudia. Lakini siwezi kupita hapo tena. Chumba bado ni cha njano, kila nikianika nguo nakiona. Afadhali nisubiri tu nione itakuwaje."

Mama Redio akainua macho. Mbele yake kulikuwa na kamba. Kwenye kamba kulikuwa na aproni ya kazi ya mkwe, yenye alama ya kuungua na chuma cha kulehemu. Nyuma ya aproni kulikuwa na dirisha la chumba cha uani, na ndani ya dirisha ukuta wa njano.

Aliona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni. Alizikumbuka zile siku za pole. Alikumbuka alivyokaa kwenye kiti kikubwa, macho yamevimba, akimhadithia kila anayeingia kisa upya tangu mwanzo. Alikumbuka chai ilikuwa haikauki. Hakuwahi kujiuliza nani alikuwa jikoni.

Akaingia ndani, akajimiminia maji, akanywa bilauri nzima akiwa amesimama. Hakuwahi kujipa dawa yake mwenyewe. Kisha hasira kidogo ikamjia, kwa nafuu ya moyo: huyu binti aliyemkataza yeye asieleze nyumba, leo ameieleza nyumba hadi rangi! Aliporudi barazani alikuwa na lengo moja tu. Binti lazima apimwe, na upesi. Akijua kwamba Bibi Kimya ni huyuhuyu Mama Redio, atazima simu na hataenda popote.

Akafuta yote aliyoandika, akaanza tena. "Kunywa maji kwanza. Matone bila maumivu huwapata wengi na mimba ikaendelea vizuri, lakini hakuna anayeweza kukwambia ni salama bila kukupima. Usisubiri. Damu ikizidi au tumbo likikaza, nenda saa hiyo hiyo, hata kama mama mkwe amesimama mlangoni na tarumbeta." Akasita, kisha akaongeza: "Si lazima umwambie. Habari ni yako."

Jibu lilikuja haraka kuliko kawaida. "Niende wapi, Bibi? Kwetu huku kila mahali ana watu wake."

Mahali palikuwapo, kituo kimoja cha afya. Mama Redio alipajua vizuri, na alipachukia. Lakini kukitaja kituo hapo ni kusema, mimi ni wa mji huu, na baada ya hapo ni hatua moja tu ajulikane. Akaandika, "Ngoja nifikirie," akafunga simu, akaenda kupika, na siku hiyo mboga ziliungua.

Jioni walikaa mezani watatu. Mzee alikuwa anaambua samaki, mkwe anamenya chungwa. Mama Redio akajikohoza.

"Yule daktari wa kike wa kituo kipya nyuma ya soko la mitumba," akasema, "hafai kabisa."

"Kakukosea nini?" Mzee akauliza.

"Nilimuuliza kama mke wa seremala amejifungua salama. Swali la heri tu, nimpelekee mwenzangu supu. Ananiambia, muulize mwenyewe. Mimi. Nimeshika watoto kabla yeye hajaota meno."

"Labda ndio utaratibu wao."

"Utaratibu gani? Na wahudumu wake amewaziba midomo wote, wala hakuna hata mmoja niliyemfundisha. Mtu anaweza kwenda pale kuanzia mwezi wa kwanza mpaka ajifungue, mimi nisisikie hata mluzi. Tena mashine ya kuangalia tumbo anayo mpya kabisa. Lakini kwa roho ile, shauri yake."

Kisa kilikuwa cha kweli tupu, na tangu siku hiyo alikuwa akipita mbele ya kituo kile ameangalia upande mwingine. Leo ndiyo mara ya kwanza kumshukuru Mungu kwa ajili ya yule daktari.

"Mimi naona daktari yuko sawa," akasema Mzee, aliyependa haki.

"Wewe kula samaki."

Ganda la chungwa la mkwe lilikuwa limeshuka refu, halijakatika. Likakatika. Mkwe hakuinua uso. Mama Redio akaona mambo yaende moja kwa moja, akaivua miwani yake na kuisukuma mezani.

"Mwanangu, hii inalegea. Kesho ukipata nafasi nipelekee ikakazwe. Kuna fundi miwani huko huko nyuma ya soko."

Mkwe akaitazama miwani, akamtazama mama mkwe, akaitazama miwani tena. "Sawa, Mama," akasema. "Nitaipeleka mwenyewe, wala sitakuwa na haraka ya kurudi."

Alipolala ndipo Mama Redio alipokumbuka kwamba mkwe wake hutembea na bisibisi za kukaza skrubu kama ile mfukoni mwa aproni. Akajigeuza ubavu. Akajiambia mtoto ni mwenye adabu, hakutaka kubishana na mkubwa, basi.

Kesho yake akauona ujinga wake mwingine. Miwani imekwenda, na bila miwani hawezi kusoma chochote. Simu ililia mara mbili. Aliishika mbali hadi mkono ukaisha, akaona ukungu wenye kichwa na mkia. Alifagia uani, akafagia tena palipokwisha fagiwa. Alimwomba Mungu kwa maneno machache. Hakuomba mjukuu, aliomba mtoto wa watu asiumie.

Mkwe alirudi alasiri. Akaiweka miwani mezani, imekazwa sawasawa na vioo vimefutwa, akasema anaenda kulala kidogo. Uso wake haukusema lolote. Mama Redio alihesabu hatua zake mpaka mlango ulipofungwa, akakimbilia barazani.

"Bibi Kimya, nimepata pa kwenda na nimepimwa," Mpitaji alikuwa ameandika. "Moyo unapiga. Daktari kanionyesha. Amesema nipumzike, nisibebe vizito, nirudi kwake baada ya wiki mbili. Nimeusikia, Bibi, unapiga kwa haraka, kama mtu anayechelewa kazini."

Mama Redio alilia pale pale kwenye kigoda. Mzee, aliyekuwa ameamka, akatoka na gazeti lake mkononi.

"Unalia nini?"

"Kitunguu."

"Mbona hupiki?"

"Nimekikumbuka."

Mzee alifikiri, akaona hapa hapana usalama, akarudi ndani.

Kilichofuata kilikuwa kipindi kigumu kuliko vyote katika maisha ya mwanamke yule, na ndicho alichokifurahia kuliko vyote. Ndoo za maji alizibeba mwenyewe akidai mkwe anazimwaga njiani. Kamba ya nguo aliihamishia upande wa mbele wa nyumba, akasema jua la uani linafubaza rangi. Wanawake walipomuuliza mbona mashavu ya mkwe yamejaa, alijibu, "Anakula," akabadilisha mazungumzo. Walimwangalia usoni kutafuta homa. Jirani wa kisa cha mkojo alimfuata Mzee faragha kumuuliza kama mwenzake anaumwa, maana siku hizi ukikutana naye anakusalimu tu na kupita. Mzee akasema hata yeye ameliona hilo, na amekikuta kitunguu kinahusika.

Na kila alasiri, katika Ukumbi wa Nyuma, Bibi Kimya alikuwa na Mpitaji. Alimfundisha kulala kwa ubavu, akamtuliza kichefuchefu kilipozidi na akamtuliza tena kilipoisha ghafla. Mpitaji alimweleza ndoto zake. Siku moja aliandika: "Mama mkwe wangu amehamisha kamba ya nguo. Sijui kwa nini." Mama Redio aliyasoma maneno hayo mpaka skrini ikazima yenyewe, kisha akajibu, "Labda jua," akaona amejibu vizuri sana.

Miezi ya hatari ikapita. Lori la mwanawe likaingia, mwenyewe akakaa nyumbani siku kadhaa akitabasamu ovyo, na Mama Redio akajua siku ya kuambiwa imekaribia. Akajifungia chooni kufanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Akachagua nyusi juu, mkono kifuani, na "Ati nini?" ya pumzi ndefu.

Mkwe alimkuta alasiri kwenye kigoda chake. Alikuwa amevaa gauni ambalo halikuficha tena kitu, na mkononi alishika bilauri juu ya kisahani.

"Mama, nina neno," akasema.

Mama Redio akaweka simu mapajani, akatayarisha nyusi.

"Lakini kunywa maji kwanza."

Mkwe akampa bilauri, akasimama mbele yake, mikono nyuma, analitazama koo lake.

Nyusi zilishuka zenyewe. Mama Redio alikunywa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na alikunywa mpaka tone la mwisho kwa sababu mkwe hakuondoa macho. Akairudisha bilauri kwenye kisahani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mama. Mikono mitatu haikujui. Lakini nani mwingine duniani anaandika vile?"

"Na chumba. Wewe uliyenikataza nisieleze nyumba, ukaandika mpaka rangi."

"Nilitaka uijue nyumba ni ipi." Mkwe akakaa sakafuni karibu na kigoda, taratibu, kama wanavyokaa wenye mimba. "Usoni kwako nisingeweza kuyasema yale. Ningekuvunjia heshima, na wewe ungeanza kulia, ningeishia kukubembeleza mimi. Kule uliweza kunisikiliza."

Mama Redio hakubisha, maana ndivyo ambavyo ingekuwa. "Nisamehe ile chai," akasema.

"Ilishapita, Mama. Tangu siku ya miwani." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha jikoni, ila safari hii alikicheka hapo hapo. "Haya. Sasa unaweza kuwaambia."

Ng'ambo ya ua mtaa ulikuwa unapita na shughuli zake. Seremala alikuwa anapiga randa. Yule jirani wa kisa cha mkojo alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, hatua chache tu. Mama Redio alishasimama, mkono kwenye komeo la geti, mdomo umefunguka. Akageuka.

"Mama yako umemwambia?"

"Mama gani?"

"Aliyekuzaa."

Mkwe akatikisa kichwa. "Bado. Nilianza na wewe."

Mama Redio akaliachia komeo. Akarudi, akakaa kwenye kigoda, akaibana mikono katikati ya magoti ili isimtoroke. "Mpigie," akasema. "Mimi nitangoja."

Mkwe alipiga akiwa pale pale sakafuni. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mwanzoni yalikuwa ya salamu, na Mama Redio alizihesabu salamu hizo moja moja kwa uchungu. Kisha mkwe akasema maneno machache kwa sauti ndogo, na kutoka ndani ya simu vikatoka vigelegele vya mwanamke wa mbali, vikafuatwa na kilio, vikafuatwa tena na vigelegele. Mama Redio aliangalia ardhi na kuyafuta machozi kwa kiganja. Alikuwa amemnyima mwenzake furaha hiyo mara ya kwanza, na leo ameisikia kwa masikio yake.

Simu ilipokatika, mkwe akamtazama na kukubali kwa kichwa.

Mama Redio akasimama, akakaza kilemba chake, akafungua geti taratibu kama mtu mwenye ratiba. Jirani akaacha kufagia.

"Jirani," Mama Redio akamwita kwa sauti ya chini, "njoo nikupe habari. Ila pitia msalani kwanza."